Kikulacho Ki Ghalani Mwako

Inapotajwa ajali kazini, fikira za wengi wetu hukimbilia viwandani na migodini. Hutujia akilini kidole kilichonaswa na mashine, mwashi aliyeanguka kutoka ghorofani, au mchimbaji aliyefukiwa na kifusi. Ni nadra kumpata mtu ambaye, akiyasikia maneno hayo mawili, atamkumbuka mama aliyeketi chini ya mwembe huko Kibwezi akipukuchua mahindi, au kijana wa Mwingi anayejitwika gunia kulipeleka ghalani. Hao, kwa mazoea ya usemi wetu, hawako kazini. Wako nyumbani tu.

Naomba, msomaji, tuyapime upya mazoea hayo. Baina ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua katika sehemu za Mashariki na Kati mwa Kenya, wengi wao wakiwa wakazi wa wilaya za wakati huo za Makueni na Kitui. Watu 125 kati yao walifariki. Hii ni kusema kwamba katika kila wagonjwa watano waliohesabiwa, takriban wawili walizikwa. Hakuna mtambo uliolipuka wala mgodi ulioporomoka. Macho yaligeuka manjano, matumbo na miguu ikavimba, maini yakashindwa kufanya kazi. Chanzo kilikuwa mahindi, na aghalabu ni mahindi ambayo wahanga wenyewe walikuwa wameyalima, wakayavuna, wakayaanika na kuyahifadhi kwa mikono yao.

Mimi si tabibu wala bwana shamba. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Lakini kadiri ninavyoyatafakari maafa yale, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba yalikuwa maafa ya kazi, tena kazi za kila siku, na kwamba tutaendelea kuyakaribisha madhali tunakataa kuyaita hivyo. Katika makala haya nimekusudia kuonyesha jinsi jina tunalokipa kitu linavyoweza kutufumbua macho au kutupofusha, na jinsi walimu na wanafunzi wanavyoweza kuanza kurekebisha mambo bila ya kumngoja mtu kutoka Nairobi.

Tuanze na jina la sumu yenyewe. Mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya njugu kutoka Brazil. Wanasayansi waligundua kwamba njugu hizo zilikuwa na sumu iliyotolewa na kuvu aitwaye kwa Kilatini Aspergillus flavus. Wakachukua herufi ya kwanza ya neno la kwanza, herufi tatu za mwanzo za neno la pili, wakaongeza neno lao la sumu, na hivyo likazaliwa jina aflatoksini. Kwa mtaalamu, jina hilo linabeba historia nzima ya ugunduzi. Kwa mkulima wa Mutomo halibebi lolote. Halimwambii kwamba adui ni kuvu, wala kwamba kuvu hupenda unyevu. Linamwambia tu kwamba kuna kitu cha kigeni kilichokuja na magari ya serikali, na ambacho pengine kitaondoka nayo.

Wenzetu wa Tanzania waliliendea jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 2016, sumu hiyo hiyo iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Leo matangazo ya huko hutumia neno moja la Kiswahili: sumukuvu. Tazama jinsi neno hilo linavyofanya kazi. Ni sumu, nayo hutokana na kuvu. Hata mtoto wa darasa la nne anayejua kwamba mkate uliosahaulika kabatini huota kuvu anaweza kukisia nusu ya somo kabla mwalimu hajafungua kinywa. Sioni sababu kwa nini neno hilo lisitawale pia katika barua za chifu, katika vitabu vya shule na katika redio zetu hapa Kenya.

Neno la pili linalonishughulisha ni hatari. Katika mazungumzo ya kawaida, neno hili hubeba mizigo miwili kwa pamoja: hubeba kile kitu kinachoweza kudhuru, na hubeba pia uwezekano wa kudhurika. Wataalamu wa usalama kazini huvitenga viwili hivi, nao wana sababu nzuri. Simba aliye katika kizimba na simba aliye njiani ni mnyama yule yule, ila uwezekano wa kuliwa si sawa. Nchini Tanzania, wanaoshughulikia usalama kazini hulitumia neno kihatarishi, wingi wake vihatarishi, kwa kile kitu chenye kuweza kudhuru. Limeundwa kutokana na kitenzi kuhatarisha, kama vile kiburudishi kinavyotokana na kuburudisha. Nitalitumia hapa, kwa kuwa linatusaidia kuuliza maswali mawili badala ya moja. La kwanza: katika kazi hii, vihatarishi ni vipi? La pili: tufanye nini ili visitufikie?

Sasa tulifuate hindi kutoka shambani hadi chunguni, hatua kwa hatua, kama mkaguzi anavyopita kiwandani.

Hatua ya kwanza ni shamba lenyewe. Kuvu huyu huishi udongoni. Mmea ukipatwa na ukame wakati punje zinapojaa, nguvu zake za kujikinga hupungua, na wadudu wanaotoboa magunzi humfungulia kuvu mlango. Ukambani kuna vyote viwili, ukame na joto, na kwa hiyo sumu inaweza kuingia hindi likiwa bado limesimama. Kwa bahati njema, dawa ya moto ni moto. Kuna aina za kuvu huyo huyo zisizotoa sumu. Zikinyunyizwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, kwa kiasi cha kilo 4 kwa ekari, huwahi kuutwaa uwanja na kuwanyima nafasi ndugu zao wenye sumu. Bidhaa hiyo, iitwayo Aflasafe, ilisajiliwa Kenya mwaka 2015, nayo hutengenezwa hapo jirani, katika kituo cha utafiti cha KALRO Katumani huko Machakos.

Hatua ya pili ni kuvuna. Mazao ya mvua za vuli huvunwa mwanzoni mwa mwaka, na mvua ikija nje ya majira yake humkuta mkulima mavuno yakiwa nje. Magunzi hutupwa chini yakawa rundo. Udongo ndio makao ya kuvu, na rundo lenye unyevu hupata joto lake lenyewe. Hapo kihatarishi kimekwisha kupikiwa na kupakuliwa.

Hatua ya tatu ni kuanika. Mara nyingi nikisafiri katika barabara za Makueni na Kitui huona mahindi yametandazwa pembezoni mwa lami, watoto wakiyalinda dhidi ya mbuzi. Lami ni kavu na ina joto, na ninaelewa kwa nini inapendwa. Lakini mtoto anayegeuza mahindi huku matatu zikipita kwa kasi yumo hatarini kwa namna ambayo haihitaji maabara kuithibitisha. Anayekwepa lami naye huanika juu ya ardhi tupu, na usiku umande huyarudishia mahindi maji yaliyopotea mchana. Turubai moja, au hata kichanja cha miti kilichoinuliwa kutoka chini, hutatua tatizo la udongo, la umande na la matatu kwa wakati mmoja.

Hatua ya nne ni kupukuchua. Njia ya haraka ni kuyatia magunzi katika gunia na kuyapiga kwa fimbo. Kwa bahati mbaya, fimbo huvunja punje, na punje iliyovunjika haina ngozi ya kumzuia kuvu. Penye mashine ya injini, kihatarishi hubadilika sura: ukanda usiofunikwa hunasa leso au mkono, na vumbi jingi huingia mapafuni. Mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono huenda polepole, lakini haivunji punje nyingi na haili vidole.

Hatua ya tano ni kuhifadhi, na hapa ndipo uchunguzi wa mwaka 2004 ulipotoa fundisho lake kubwa. Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa 40 na wanakijiji 80 ambao hawakuugua. Ilibainika kwamba nyumba zilizopatwa ni zile zilizohifadhi mahindi yao yangali na unyevu, tena ndani ya nyumba ya kulala badala ya ghalani. Kwa nini ndani ya nyumba? Kwa sababu ya njaa. Mwaka wa uhaba, ghala lililo nje huwa mwaliko kwa mwizi, na mwenye busara huyaleta mahindi kitandani. Mifuko ya plastiki hairuhusu hewa, sakafu hutoa unyevu, na chumba kina joto. Aliyekuwa akijilinda dhidi ya mwizi alijifungia ndani pamoja na muuaji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Makueni kilikuwa chini ya kitanda.

Hatua ya sita ni kuchambua na kupika. Punje zilizobadilika rangi hutolewa, jambo ambalo ni jema, lakini huenda zikapewa kuku na ng'ombe, au zikaingizwa katika pombe. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake huishia katika maziwa. Moto wa jikoni hauiondoi. Kwa upande mwingine, desturi ya Wakamba ya kukoboa mahindi kwa kinu na mchi ili kupata muthokoi huondoa ganda la nje pamoja na sehemu ya sumu iliyomo, ingawa haiimalizi. Si kila jambo la wazee lilikuwa ujinga, wala si kila jambo lao linatosha.

Na ni kiasi gani cha sumu tunachokizungumzia? Kiwango cha juu kinachoruhusiwa sasa nchini ni sehemu 10 katika bilioni. Tarakimu hiyo haisemi kitu mpaka tuigeuze kuwa magunia: ni sawa na gramu moja iliyotawanywa katika tani 100, yaani takriban magunia 1,100 ya kilo 90. Mwaka 2004 kiwango kilikuwa 20, na zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi zilizochukuliwa katika masoko ya maeneo yaliyoathirika zilikipita. Asilimia 7 zilipita hata 1,000. Jicho haliwezi kuona kitu kama hicho, wala ulimi hauwezi kukionja. Kwa hiyo usalama hauwezi kutegemea kuitafuta sumu kwa macho. Lazima utegemee kazi iliyofanywa vyema tangu mwanzo.

Kipimo kimoja cha kazi hiyo kimo jikoni mwa kila mtu. Chukua chupa safi iliyokauka, ujaze theluthi moja ya mahindi, uongeze vijiko viwili vitatu vikubwa vya chumvi kavu, uifunge na kuitikisa kwa dakika moja. Iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Isipogandamana, yamekaribia, ingawa kiwango kinachotakiwa ni asilimia 13.5, na siku moja au mbili zaidi juani hazitakuwa hasara. Kipimo hiki hakionyeshi sumu. Huonyesha kihatarishi kabla hakijazaa sumu, na hilo ndilo tunalolitaka.

Msomaji atakuwa ameona mpangilio fulani katika dawa nilizozitaja. Wataalamu wa usalama hufundisha kwamba kwanza uondoe chanzo, ukishindwa ubadilishe njia ya kazi, ukishindwa uweke kizuizi baina ya mtu na kitu, na mwisho kabisa ndipo umwambie mfanyakazi ajihadhari na kumpa kinga ya kuvaa. Sisi hupenda kuanzia mwisho. Tunabandika karatasi yenye maneno "Jihadhari", kisha tunamlaumu asiyejihadhari. Kanuni hiyo haihusu mahindi peke yake. Katika mito ya Makueni, mchimba mchanga anayefukua chini ya ukingo hujichimbia kaburi, kwa sababu ukingo ukikosa mguu huanguka. Kofia ngumu haitamsaidia chini ya udongo huo. Kitakachomsaidia ni kutochimba chini ya ukingo, na kuwapo mtu wa kulisimamia hilo. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, na mjadala wake mwingi umekuwa juu ya maji na mazingira, nao ni mjadala wa haki. Ningependa kusikia pia yule mwenye sepetu akitajwa.

Nakiri kwamba kuna pingamizi lenye uzito. Mtu atasema: ni rahisi kwa mwalimu wa chuo kikuu mwenye mshahara kuwaambia watu wauangalie unyevu, mwenye njaa hula alichonacho. Ni kweli tupu. Ukimwambia mama mwenye watoto watano na magunia mawili atupe gunia moja, umemwambia achague baina ya kifo cha wiki ijayo na ugonjwa wa baadaye, na hakuna atakayemlaumu akichagua leo. Ndiyo maana ninasema suala hili si la mahubiri ya usafi. Turubai lina bei. Kichanja kinataka miti. Mfuko usiopitisha hewa, ambao huwaua fukusi bila ya unga wa dawa, hugharimu zaidi ya mfuko wa kawaida, na asiyeumudu huchanganya dawa ya wadudu kwa mikono mitupu katika chumba anacholala. Mwaka 2023 serikali kuu ilinunua mashine za kukaushia nafaka zinazohamishika. Swali la haki ni kama mashine hizo hufika Kathonzweni na Mutomo mvua inapotishia, au huegeshwa penye wakulima wakubwa. Na mahindi yakipatikana na sumu, pawepo utaratibu wa kumbadilishia mwenyewe, si wa kumnyang'anya tu.

Kuna jambo linalonihuzunisha kuliko tarakimu zote nilizozitaja. Mwaka 1981, sumu hii hii iliwapata watu 20 katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, na 12 kati yao walifariki. Mwaka uliofuata, habari zake zilichapishwa katika jarida mashuhuri la tiba huko London. Kwa hiyo, yalipokuja mavuno ya mwaka 2004, elimu ilikuwapo kwa zaidi ya miaka 20. Ilikuwa imehifadhiwa vizuri sana, tena mahali pakavu, katika lugha ambayo mpukuchuaji hakuisoma na katika maktaba ambayo hakuifikia. Nasi tulio vyuoni hatuna budi kuikubali sehemu yetu ya lawama. Hata baada ya maafa yale, ugonjwa ulirudi mwaka 2005 na 2006. Novemba 2019 shirika la viwango lilipiga marufuku aina tano za unga, na Machi 2021 uagizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania ukasimamishwa kwa sababu ya sumukuvu. Kila mara tulishtuka kana kwamba ni mgeni asiyejulikana.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema kwamba inahusu mahali pote ambapo mtu yuko kazini, pawe pa muda au pa kudumu, na inataka ukaguzi wa usalama ufanywe walau mara moja kila miezi 12. Ni maneno mapana. Lakini mkaguzi huenda penye lango na kibao. Haendi chini ya mwembe. Hapa narudi kwenye lugha. Madhali neno kazi kwetu lina maana ya ajira peke yake, sheria itaendelea kuusoma mwembe ule kama mahali pasipo mfanyakazi.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo nyumbani na kazini hukutana, napo ni shuleni. Shule ya bweni ina ghala, ina mpishi, ina mtunza ghala, na ina mamia ya watoto wanaokula chungu kimoja. Mpishi huyo ni mfanyakazi kwa maana zote za sheria. Gunia moja lenye unyevu linaloingia katika ghala hilo halidhuru nyumba moja. Lau ningekuwa mwalimu wa sayansi au wa kilimo huko Wote au Kitui mjini, ningewapeleka wanafunzi ghalani muhula huu wakiwa na daftari na chupa ya chumvi. Je, magunia yamewekwa juu ya vichanja au sakafuni? Yameegemezwa ukutani? Paa linavuja? Nani huyapima mahindi yanapopokelewa, na kwa kipimo gani? Mpishi hujitwika gunia la kilo 90 peke yake? Kisha ningewaambia waandike ripoti kwa Kiswahili, na waisome mbele ya wazazi kwa Kiswahili na Kikamba siku ya mkutano. Mwalimu wa lugha naye asikae kando, kwani kazi ya kumfanya mzazi aelewe ni yake.

Watoto hao wakirudi nyumbani wakati wa likizo watakuta mahindi yameanikwa. Ikiwa mmoja tu kati yao atamwambia mama yake, kwa heshima, "Mama, tuyapime kwanza kwa chumvi kabla ya kuyatia ndani," na mama akakubali, basi elimu ile iliyokaa London tangu mwaka 1982 itakuwa hatimaye imefika ghalani.